Neno Nililolimimina

Mimi ndiye niliyelitia lile neno
kinywani mwa Nyawa Mwachiti.

Miaka kumi na minne nakaa kati ya kizimba na kiti cha hakimu,
Mombasa, chumba namba tatu, chini ya feni inayogonga,
napokea Kiswahili, natoa Kiingereza,
kama mtu amiminaye chai birikani kutia kikombeni;
na kila aliyewahi kumimina anajua
kuna kinachobaki sahanini.

Kesi yenyewe ni ya mkokoteni.
Magunia manne ya vitunguu, mteremko wa Kongowea,
lami imelowa maji ya samaki.
Bi Tima Athmani akavuka akihesabu chenji
(mwenyewe alisema, hakuficha),
mguu ukavunjika mahali pawili.
Nyawa akaviacha vitunguu vikibingirika mtaroni,
akavua shati akamtilia kichwani pawe mto,
akasema, "Pole, mama. Pole sana."

"Ulimwambia nini?" akauliza mwendesha mashtaka.
"Nilimwambia pole."

Nami, feni inagonga, saa saba inakaribia,
mbaazi zangu zinapoa kwenye mkebe,
nikasema: sori.

Hakimu akainua kalamu.
"Basi alikiri," akasema, akaandika.

Usiku ule, Kuze, umeme umekatika,
nilishika kamusi yangu iliyobanduka gamba
nikaisoma kwa tochi ya simu.
Sori: samahani. Sori: nisamehe, niwie radhi.
Sori: nimesikitika.
Sori, kwa sauti ya kupanda: sikusikia, hebu rudia.
Sori tena, pembeni, kwa herufi ndogo:
duni, hafifu, cha kutia huruma,
kama mkokoteni wenye gurudumu la kuazima.
Neno moja, nguo moja,
wanaivaa harusini, wanaivaa matangani,
wanaivaa wakikukanyaga kidole.

Sisi tukifiwa twaambiwa makiwa, twajibu tunayo.
Aliyekosa huomba radhi, na radhi ina mwenyewe,
aweza kuitoa, aweza kuinyima.
Lakini pole haiombi kitu.
Pole ni ndugu yake poa, ni mtoto wa nyumba moja na poza;
ni pumzi unayoipuliza kwenye uji wa mwenzio.
Humwambia aliyejikwaa nawe uko ng'ambo ya barabara.
Humwambia mgonjwa, na si wewe uliyemtia homa.
Mvua imemnyea jirani: pole.
Nani amewahi kushtakiwa kwa mvua?

Asubuhi nikabisha mlango wa hakimu.
"Samahani, mheshimiwa," nikasema,
na hii ilikuwa samahani kweli, ya mkosa,
nimeipima kabla ya kuitoa.
Nikaeleza. Akanisikiliza, kofia ya kalamu mdomoni.
Yeye kwao bara, lakini pole anaijua,
nimemsikia akimpa karani aliyeumwa na jino.
"Kumbukumbu zishachapishwa," akasema.
"Mkalimani hasahihishi ushahidi kwa hisia.
Andika barua. Hukumu ni Alhamisi."

Nimeandika. Barua ni kurasa mbili,
na ukurasa wa kwanza wote ni wa neno lenye herufi nne.
Nimeifuta mara tatu, kwani kila nikilifafanua
kwa Kiingereza, sori inachungulia dirishani
kama paka aliyezoea kulishwa.

Jana nimekutana na Nyawa ukumbini,
kakaa kwenye benchi, viatu kavivua, soli zimekwisha.
Hajui nilichomfanyia. Au anajua.
Aliniona na mafaili yamenifika kidevuni,
akainuka, akapokea nusu,
akasema, "Pole na kazi, mama."

Nikatafuta pa kulitia. Sikuwa na kikombe.
"Nishapoa," nikamjibu,
nami nilikuwa sijapoa hata kidogo.